Shule ya bweni na maisha ya kujitegemea: maswali ambayo wazazi huuliza kila mwaka

Kila Januari kwa kidato cha kwanza na kila Julai kwa kidato cha tano, mzazi hushuka langoni, tranka likiwa juu ya bajaji, godoro limefungwa kamba ya manila, na swali liko mdomoni kabla hata ya salamu. Nililala bwenini miaka sita nikiwa mwanafunzi, kisha nikalala tena miaka kumi na moja nikiwa patroni katika shule moja ya serikali huku Nyanda za Juu Kusini, Tanzania. Majibu yangu yamebadilika kadiri nilivyowaona vijana wetu wakirudi kutusalimia wakiwa watu wazima: wengine wameajiriwa, wengine wamejiajiri, wengine wamekuja kuniomba nauli.

Ni kweli mtoto wa bweni hujitegemea mapema kuliko wa kutwa?

Nusu ni kweli. Kwa kazi za mwili na kuishi na watu, ndiyo. Mtoto wa kidato cha pili wa bweni anafua, anashona kifungo, anaamka bila mama kumvuta shuka, na anaweza kulala chumba kimoja na wenzake arobaini bila kugombana nao kila siku. Lakini kwenye mambo mawili, pesa na muda, mara nyingi yuko nyuma ya mwenzake wa kutwa. Bwenini chakula hakinunuliwi, taa hailipiwi, na kengele ndiyo inayoamua sasa ni saa ya nini. Mtoto wa kutwa anayepewa nauli asubuhi na kugombania daladala ameshafanya maamuzi matano kabla wa bweni hajamaliza uji wake.

Mengi nitakayosema hapa chini yanazunguka hapo hapo.

Sasa huko bwenini kuna nini kisichopatikana nyumbani?

Nianze na maji. Shule yetu ilikuwa na mabomba manne kwa wanafunzi mia sita na ushee, na ikifika Oktoba mawili yanakauka. Foleni inaanza saa tisa usiku, ila wanaopanga foleni ni ndoo, wenyewe wamelala. Ndoo yenye jina lililoandikwa kwa rangi ni sawa na mtu aliyesimama pale. Isiyo na jina inasukumwa pembeni. Kila mtu ndoo moja mpaka wote wapate, ndipo mzunguko wa pili uanze. Mgonjwa hachoti, anachotewa na jirani yake wa kitanda. Anayechepusha ndoo yake mbele anahamishiwa mwisho wa foleni, na hakuna anayemtetea.

Sheria hizo hakuna mwalimu aliyeziandika. Niliwakuta nazo na nikawaacha nazo. Mtoto aliyepita pale miaka minne anajua kudai zamu yake bila ngumi, anajua nani ana neno na nani ana kelele tu, na anajua kwamba akimpora mtu leo, kesho atakuwa na homa na atahitaji kuchotewa.

Halafu kuna jirani wa kitanda. Kwenye dabodeka, wa juu akigeuka wa chini anajua. Yuko anayekoroma, yuko anayeamka kuswali alfajiri, yuko ambaye soksi zake zinanuka mpaka dirishani. Kila mwaka wanafunzi walinijia kuomba kuhamishwa kitanda, na kila mwaka niliwauliza: umeshaongea naye? Wengi hawakuwa wameongea. Ukimfundisha kijana kumwambia mwenzake "bwana, hizi soksi zifue" bila kumtangaza bweni zima, umemfundisha jambo ambalo maofisi mengi yanalia kulikosa. Kazini pia meza ya jirani humchagui.

Kwa nini serikali inampeleka mtoto mkoa wa mbali? Si wangempa shule ya hapa hapa?

Hili lina historia. Wakati wa Mwingereza shule za bweni zilikuwa chache na za wachache; Tabora ilianza kwa nia ya kuwaandaa watoto wa machifu, na Julius Nyerere alisoma pale kuanzia 1937 hadi 1942. Baada ya uhuru kukawa na makusudi ya wazi ya kuwachanganya vijana, mtoto wa Bukoba asome Mtwara na wa Newala asome Mwanza, ili wasikue wakijuana kwa kabila tu. Uchaguzi wa kidato cha tano unaofanywa na OR-TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, bado unamtoa mtoto mkoa mmoja na kumtupa mwingine.

Wazazi wengi wanaona gharama ya nauli, na wana haki, nauli inauma. Ila safari yenyewe ni somo. Mtoto anajifunza kununua tiketi bila kuuziwa na mpiga debe, kukaa stendi ya Makambako na begi katikati ya miguu, kumwambia kondakta mapema anakoshukia, kulinda chenji. Ushauri wangu: safari ya kwanza msindikize mpaka shuleni. Ya pili, msindikize mpaka kwenye basi na uchukue namba ya simu ya kondakta. Ya tatu, mpe nauli na umwache aondoke nyumbani peke yake. Mama mmoja alimsindikiza kijana wake mpaka kidato cha sita. Yule kijana alikuwa na ndevu.

Mtoto aanze bweni akiwa na umri gani?

Kwa Tanzania sheria ya mchezo ilibadilika mwaka 2023, pale Kamishna wa Elimu alipotoa waraka wa kusitisha bweni kwa watoto wa awali mpaka darasa la nne. Mimi naunga mkono kwa mikono miwili. Mtoto wa miaka saba anayekojoa kitandani na kuficha shuka hajifunzi kujitegemea, anajifunza kuficha. Darasa la tano na kuendelea, inategemea mtoto na inategemea metroni. Kidato cha kwanza ndipo wengi huwa tayari, na kidato cha tano hata yule wa kudeka anaweza.

Maelekezo ya kujiunga yanataka jembe, kwanja, fagio la chelewa. Mwanangu anaenda kusoma au kulima?

Vyote viwili, angalau kwenye karatasi. Machi 1967 Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule ziwe pia mashamba na karakana, mwanafunzi ale alichosaidia kuzalisha, na asije akamaliza shule akiwadharau wazazi wake wenye jembe. Lile jembe kwenye orodha yako inatoka huko.

Tatizo ni jinsi jembe linavyotumika. Shule nyingi wanafunzi hulishika wakiwa wamechelewa paredi, au wamekamatwa wakiongea prepo, saa ya kujisomea jioni. Mtoto akilima kwa adhabu miaka minne, usimshangae akimaliza na kuapa kwamba hatashika mpini maishani.

Tulijaribu njia nyingine. Kila bweni lilipewa matuta sita nyuma ya bwalo. Wakipanda mchicha au figiri, jiko la shule linanunua kwa bei ya sokoni, na pesa ni ya bweni lao. Bweni moja walinunua pasi ya mkaa na mpira. Bweni jingine waligombania pesa mpaka nikaitwa usiku. Kumbe mtunza hazina wao alikuwa mkweli kabisa, ila hakuandika chochote. Tulikaa naye sakafuni na daftari, tukaanza upya: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, salio. Alikuwa anasoma HGL (historia, jiografia na lugha), hesabu za biashara hajawahi kuziona. Nilikutana naye miaka kadhaa baadaye ana duka la pembejeo Mafinga, na chini ya kaunta kuna daftari lenye safu zile zile nne.

Nimpe pesa ya matumizi kiasi gani?

Ada imefutwa kwenye shule za serikali, kidato cha kwanza mpaka cha nne tangu 2016, na cha tano na sita tangu mwaka wa fedha wa 2022/23. Lakini sabuni haijafutwa, wala dawa ya meno, wala taulo za kike, wala maandazi ya mama anayeuza nje ya uzio.

Sitataja kiasi, mfuko wako unaujua wewe. Nitataja namna. Usimpe kidogo kidogo kila anapopiga simu. Mzazi anayetuma elfu tatu leo na elfu mbili Alhamisi, kupitia simu ya metroni, anamfundisha mtoto kwamba pesa inatoka kwa kulalamika. Kaeni naye kabla ya kuondoka, mwandike pamoja vitu vya muhula mzima: miche mingapi ya sabuni, dawa ya meno ngapi, nauli ya kurudi. Nauli iwekwe pembeni, kwa patroni, isiguswe. Kinachobaki ni chake, na kikiisha kimeisha.

Hapo pagumu ni kwako. Kikiisha wiki ya sita, usitume. Hatakufa, shule inamlisha. Atakula ugali na maharage bila kitafunwa, atafua kwa kipande cha sabuni cha kuazima, na muhula unaofuata atakuja na akili nyingine. Afadhali aharibikiwe na elfu thelathini akiwa kidato cha pili kuliko bumu la chuo, pesa ya mkopo wa kujikimu, likiyeyuka mbele yake akiwa hana pa kula.

Ujue pia kwamba bwenini kuna uchumi wake. Fedha yake ni sukari. Kijiko kimoja cha kuwekea uji kinakopeshwa, kinarudi viwili wakati wa kufungua shule. Nimewahi kukuta daftari la fizikia, ukurasa wa mwisho, lina orodha ya wadaiwa kumi na tisa. Nilimwita mwenyewe, nikamwambia riba ya asilimia mia moja si biashara. Akanijibu, "Mwalimu, na hawalipi wote." Sikuwa na jibu la haraka.

Ananipigia simu analia, anataka kurudi nyumbani. Nifanyeje?

Kilio cha wiki mbili za kwanza ni cha kawaida, hata mimi nililia, chooni, bomba likiwa wazi ili wenzangu wasinisikie. Usimwambie "jikaze, wewe ni mwanaume", wala usikimbilie basi.

Muulize maswali madogo. Unalala karibu na nani? Ndoo yako ipo? Jana jioni ulikula na nani? Mtoto anayekumbuka nyumbani tu atajibu, na katikati ya kujibu atasahau kulia. Mtoto mwenye tatizo la kweli atakwama hapo hapo: ndoo haipo, godoro limechukuliwa na kaka wa kidato cha tatu, haendi kula bwaloni kwa sababu kuna mtu anamsubiri mlangoni. Hapo usimalize na mtoto. Piga kwa patroni au metroni siku hiyo hiyo, taja jambo lenyewe, na uulize lini utapigiwa kupewa jibu.

Kuonewa kwa njuka, mwanafunzi mgeni, si ndiyo kunakomaza?

Hapana. Nimewasikia wanaume wenye mvi wakisimulia kwa kicheko jinsi walivyofulishwa nguo za kaka zao na kulazwa chini ya kitanda. Angalia vizuri, wanaocheka zaidi mara nyingi ni wale waliokuja kuonea baadaye. Kijana anayejifunza kwamba mkubwa ana haki ya kumtesa mdogo anaenda na somo hilo kazini, na akipewa cheo walio chini yake watakiona cha moto.

Na viboko, kwa kuwa huwa vinaulizwa hapa: kanuni za mwaka 2002 zinasema visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua, na viandikwe kwenye kitabu. Kiranja hana ruhusa ya kumchapa mtu hata kimoja. Ukisikia kiranja anachapa, una haki ya kupanda basi.

Ukiranja unasaidia nini baadaye? Naogopa utampotezea muda wa kusoma.

Unapoteza muda, ndiyo. Mimi bado ningemwachia, kwa sababu moja iliyotokea bwaloni.

Jumamosi ilikuwa siku ya nyama. Finyango zinahesabiwa, moja kwa kila mwanafunzi, na kiranja wa chakula ndiye anayesimama na upawa. Siku moja mpishi alikosea hesabu, na meza mbili za mwisho zilikuwa hazijafika wakati sufuria inaonyesha chini. Walipungukiwa kumi na nne. Yule kiranja, kijana mpole asiyesikika darasani, alitazama sufuria, akatazama foleni, akawaita viranja wenzake wote na kuwaambia wasipokee. Walikuwa tisa, na yeye wa kumi. Zikabaki nne. Akatoka na bakuli, akaenda meza ya kidato cha sita, akawaeleza hali ilivyo na kuwaomba finyango nne. Akapewa sita.

Hakupiga kelele, hakumsema mpishi mbele za watu, wala hakuja kunitafuta. Alikuja usiku, baada ya prepo, akaomba Jumamosi ijayo ahesabu na mpishi kabla nyama haijaingia sufuriani. Vitabu vya uongozi vimejaa maneno mazuri. Hayo niliyaona kwa macho yangu, na yule kijana alikuwa na miaka kumi na nane.

Sasa upande wa pili. Shule nyingine kiranja ni mkono wa mwalimu wa nidhamu, kazi yake kuandika majina ya wapiga kelele. Huyo anajifunza umbea. Kwa hiyo ukienda kutafuta shule, usiulize tu kama kuna viranja. Uliza wanachaguliwa na nani, na kitu gani wanaamua wao wenyewe.

Kwa nini waliofaulu vizuri bwenini huvuruga mwaka wa kwanza chuo?

Hili ndilo swali ninalotaka kila mzazi aulize, na ndilo linaloulizwa kidogo.

Kengele yetu ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mkaratusi, ikigongwa kwa kipande cha nondo. Siku moja nilihesabu: kati ya kuamka saa kumi na moja alfajiri na kuzima taa saa nne na nusu usiku, iligongwa mara kumi na saba. Kuamka, usafi, uji, paredi, vipindi, chai, bwalo, michezo, prepo. Mara kumi na saba kwa siku kijana anaambiwa sasa fanya hiki. Akikaa miaka sita hivyo unampata mtu mwenye nidhamu kubwa sana, ila nidhamu imetundikwa kwenye mti.

Tulikuwa na kijana wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia), daraja la kwanza la nguvu, asiyechelewa hata siku moja. Machi ya mwaka wake wa kwanza chuoni alikuja shuleni bila taarifa, akakaa kwenye benchi nje ya ofisi yangu. Sapu tatu, yaani mitihani mitatu ya kurudia. Bumu lilikuwa limeisha siku nyingi, alikuwa anapiga pasi ndefu, mlo mmoja jioni. Nikamuuliza ilikuwaje. Akaniangalia kama vile swali ni la kijinga: "Patroni, kule hakuna kengele." Vipindi viwili kwa siku, katikati masaa sita matupu, na hakuna mtu anayemuuliza yuko wapi. Alikuwa anasubiri prepo igongwe.

Tangu siku hiyo tulibadilisha jambo moja. Muhula wa mwisho wa kidato cha sita, Jumamosi kengele haikuwahusu. Kwenye ubao wa matangazo tuliandika saa za chakula na saa ya kufunga lango, basi. Mkuu wa shule alikubali shingo upande. Jumamosi ya kwanza nusu yao walikosa uji, wakaja kunilaumu. Ya pili walinunua saa ya mezani kwa mchango. Ya nne niliwakuta wengine wamejiandikia ratiba kwenye ukuta wa ndani wa tranka, pale juu pa mfuniko, kwa chokaa.

Haikutugharimu hata senti. Kwa hiyo mzazi, ukitembelea shule iulize swali hili: kwa wiki, mwanafunzi ana masaa mangapi ambayo anaamua mwenyewe? Wakikujibu kwa fahari "hayapo, hapa ni kazi tu", matokeo ya mtihani yanaweza kuwa mazuri sana, na wewe ujiandae kwa mwaka wa kwanza wa chuo.

Simu je?

Shule haziruhusu, na nakubaliana nazo. Lakini kijana anayeishika kwa mara ya kwanza baada ya kidato cha sita huizamia kama mtu aliyetoka jangwani. Mpe likizo, kwa masaa, mkiwa mnaonana.

Anajua kupika?

Hapana. Wazazi wengi hushangaa hapa. Bwenini kuna wapishi, na jiko la kuni la sufuria za debe tano si mahali pa mwanafunzi. Unaweza kumaliza miaka sita hujawahi kupima maji ya wali. Wavulana wanaathirika zaidi, maana dada zao likizo hushikishwa mwiko na wao huachwa walale "amechoka na shule". Akifika geto la chuo anakula chipsi mayai mchana na usiku, na nusu ya bumu inaishia kwa muuza chipsi.

Basi likizo nifanye naye nini?

Mwache alale siku tatu. Amechoka kweli.

Baada ya hapo mpe nyumba. Wiki moja yeye ndiye anayeshika pesa ya matumizi, anaenda sokoni, anaamua kinapikwa nini, na kama ni wa kiume anapika. Alhamisi pesa ikiisha mnakula dagaa mpaka Jumapili, wote, na wewe usiongezee kwa siri. Mpeleke na wewe unapokwenda kulipa bili, kufungua akaunti, kufuatilia cheti cha kuzaliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili. Mtoto wa bweni hajawahi kukaa kwenye foleni ya ofisi, foleni zake zote zilikuwa za uji na maji.

Kama una ndugu mwenye karakana, duka au shamba, mwombe amchukue hata wiki mbili bila malipo. Starehe, shule ya Nairobi iliyoanzishwa 1959, ina desturi ya siku nyingi ya vijana wake kujitolea kazi za jamii nje ya masomo. Huhitaji shule yenye jina. Fundi cherehani wa mtaani kwenu anatosha, mradi kijana awahi, ajibu shikamoo za wateja, na akosee kitu cha mtu mwingine ili ajue kuomba radhi.

Sina uwezo wa bweni. Yuko shule ya kata, kutwa. Atapungukiwa?

Atapungukiwa na foleni ya maji na jirani wa kitanda, atapata vingine. Tena wapo watoto wanaojitegemea kuliko wote niliowataja, na hakuna anayewasifia: wale ambao shule ya kata iko mbali na kwao, wakapangishiwa chumba karibu na shule. Mtoto wa miaka kumi na tano anapika, anapanga unga wa mwezi, anafunga mlango mwenyewe usiku. Ukomavu wao unatisha. Na hatari yao inatisha vile vile, hasa kwa wasichana, kwa kuwa mlango huo hauna metroni, na kila muuza duka na dereva wa bodaboda anajua binti anaishi peke yake. Kama ni lazima apange, apange nyumba ya mama unayemfahamu, na kama shule ina hosteli, hata mbovu, mpeleke hosteli.

Usalama wa bweni nitaujuaje?

Tazama madirisha. Mwaka 1994 moto ulichukua wasichana zaidi ya 40 bwenini Shauritanga, Rombo. Mwaka 2009 wasichana 12 walikufa Idodi, Iringa. Jirani zetu Kenya walizika wavulana 67 wa Kyanguli mwaka 2001 na watoto 21 wa Endarasha mwaka 2024. Nondo za madirishani zilizowekwa kuzuia watoro na wezi ndizo zinazozuia watoto kutoka. Uliza kama bweni lina milango miwili, uliza usiku inafungwa kutoka upande gani na ufunguo uko kwa nani, tazama vitanda vimeachana kiasi gani. Mwambie mwanao, kwa sauti usiyoitumia kila siku, asisome kwa mshumaa chini ya chandarua hata mtihani uwe kesho.

Waajiri wanajali kama mtu alisoma bweni?

Kwenye usaili hakuna anayeuliza. Huonekana baadaye, mwalimu mpya au muuguzi anapopangiwa kituo kisicho na umeme, chumba cha kushirikiana na bomba la mbali. Aliyewahi kulala na ndoo kichwani hachukui ruhusa ya dharura wiki ya kwanza.

Na JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) baada ya kidato cha sita?

Mafunzo ya mujibu wa sheria yalirejeshwa 2013 baada ya kusitishwa 1994. Vijana wa bweni huzoea haraka kwa sababu kule nako kuna foleni na kuna wa kukuamsha. Ndiyo sababu ile ile sitegemei JKT imfundishe kujipangia muda.

Akimaliza, tranka nilifanyeje?

Usiliuze, na usilijaze sufuria za harusi. Mpelekee fundi bati alinyooshe mbonyeo, abadilishe komeo, na mkwangue jina la shule pale juu. Chumba cha kwanza cha kupanga huwa hakina meza wala kabati wala kiti, na tranka ni vyote vitatu. Kufuli anunue mwenyewe.